Muulize wa Nyuma Yake

Kompyuta ilipofika Iftin, mtaa wa mjini Garissa, ilipokelewa kama bi harusi. Ilishushwa kwenye lori ikiwa imefungwa mablanketi matatu, wanaume wanne wakaibeba kwa adabu, na kina mama wa mtaa wakasimama milangoni kama watu wanaotaka kujua binti ni wa ukoo gani. Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka wa tisini na nane, mvua za Elnino zimetoka tu kuivuruga dunia, barabara ya Wajir ndiyo kwanza imeanza kupitika. Aliyekuja nayo alikuwa Munyao, Mkamba wa Mwingi mwenye miaka thelathini na kidogo, ambaye kompyuta hakusomea chuoni. Alijifunzia kibandani Nairobi, kwa kushika tochi huku wengine wakikaza skrubu, na kwa kuuliza maswali mpaka watu wakachoka kumnyima majibu.

Kazi ya ile mashine ilikuwa moja: kukutanisha watu waliopotezana. Mto Tana ulikuwa umefurika ukasahau kingo zake, na wafugaji waliokuwa wameukimbilia na ngamia wao wakati wa ukame wakajikuta wamekatwa, huyu ng'ambo hii, yule ng'ambo ile. Shirika lililomwajiri Munyao lilifungua kambi tano kando ya mto. Makarani wa kambi waliandika majina kwenye fomu, fomu zikaletwa mjini, Munyao akaziingiza kwenye kompyuta. Mtu akija ofisini kuulizia ndugu yake, Munyao anabonyeza, jina linatokea, kambi inajulikana, mtu anakwenda zake akishukuru Mungu. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kichwani mwa Munyao, naye programu ile alikuwa ameitunga mwenyewe kwa wiki sita na akaipenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa kwanza, hata akiwa na makengeza.

Lakini mambo ya kichwani na ya mezani hayalali kitanda kimoja. Programu ilitaka jina la kwanza, la kati na la familia. Ikataka tarehe ya kuzaliwa. Ikataka kijiji, ikataka na sanduku la posta. Ukiacha nafasi moja wazi, mashine inapiga mlio kama kifaranga aliyekanyagwa, na neno KOSA linawaka jekundu katikati ya skrini. Mzee mmoja wa Eldas alipousikia ule mlio na kuona ule wekundu, alisimama, akavaa viatu vyake, akaomba radhi kwa kosa asilolijua, akaondoka. Hakurudi tena.

Tarehe za kuzaliwa nani angekuwa nazo? Watu walijua wamezaliwa mwaka ambao ngamia walikufa kwa ugonjwa fulani, au mwaka ambao nyota ya mkia ilionekana. Ili mlio unyamaze, Munyao akawa anaandikia kila mtu tarehe mosi Januari. Habari hiyo ilipofika hotelini kwa Arbia, Arbia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema ikiwa mkoa mzima ulizaliwa siku moja, basi wakunga wa siku ile wana pepo yao peke yao.

Arbia ndiye aliyekuwa na hoteli ya chai na anjera, zile chapati za maji za Kisomali, ng'ambo ya ofisi. Hoteli yenyewe ilikuwa mabati, mabenchi manne na sufuria lisilopoa, lakini hakuna habari iliyopita Garissa bila kuketi pale kwanza. Munyao alikula pale asubuhi, mchana na jioni, si kwa ajili ya anjera tu. Alipenda nyumba iliyojaa watu, na alipenda kujua nani kamposa nani na nani kakataliwa. Arbia naye alimwita walaal, yaani ndugu, akamjulisha kwa wateja kuwa huyu ametoka Kenya lakini ana roho nzuri, kana kwamba Garissa iko nchi nyingine.

Sasa, katika watu waliokuja ofisini kila siku, mmoja hakukosa. Alikuwa mama wa Tarbaj aitwaye Muslimo, mwembamba, mnyoofu kama nguzo ya hema, na kwa kiburi hakuna aliyemfikia. Alimtafuta mwanawe. Jina Mohamed Abdi Hassan, yaani Mohamed mwana wa Abdi mwana wa Hassan, ndivyo Wasomali wanavyoitana, hakuna jina la familia hapo. Kompyuta ilikuwa na Mohamed Abdi Hassan arobaini na watatu. Wote wamezaliwa tarehe mosi Januari.

Koome, mkubwa wa ofisi, alikuwa mtu wa Meru asiyependa mambo ya kubahatisha, lakini kwa huruma alibahatisha mara moja: akatuma lori likawachukua Mohamed wawili kambi ya kwanza. Walipangwa mbele ya Muslimo. Aliwatazama, akawaombea dua wote wawili wawapate mama zao, akafunika uso. Baada ya hapo Koome akasema dizeli haitoshi kuzungusha mkoa mzima kwa jina moja. Siku tisa za kazi Munyao akamwambia mama yule maneno yaleyale: njoo kesho.

Na kesho zilikuwa zinaisha. Lori la shemeji zake lilikuwa liondoke Ijumaa baada ya swala kurudi Tarbaj, na mvua za masika zikianza barabara ingekatika tena. Kule nyumbani mke wa Mohamed, mwenye watoto wawili wadogo, watu walikuwa wameshaanza kumuuliza kwa sauti ya chini kama atakaa eda. Muslimo akirudi mikono mitupu, mwanamke yule angevishwa ujane wa mume ambaye pengine yu hai, anakunywa chai kwenye kambi fulani.

Jumapili Munyao alikwenda kwa Arbia akiwa hana hamu hata ya umbea. Arbia akajua kuna msiba. Akamtoa maneno kama mtu anavyotoa mwiba, kidogo kidogo, na mwisho akataka aonyeshwe hiyo mashine inavyouliza. Jenereta ilikuwa imezimwa, siku ya mapumziko. Munyao akaomba maboksi ya majani ya chai, akayakata vipande, akachora kila kipande kama skrini moja: hapa jina, hapa tarehe, hapa kijiji. Akakaa nyuma ya meza akawa yeye ndiye kompyuta. Arbia akawa anayetafuta mtu. Arbia akijibu, Munyao anaweka kipande kingine. Arbia akinyamaza, Munyao anapiga ule mlio kwa mdomo na kusema kosa.

Hoteli nzima iligeuka kutazama. Kufika kipande cha sanduku la posta, Munyao alikuwa ameshalia kama kifaranga mara nane, na watu wanajifuta machozi. Arbia peke yake hakucheka. Alivikusanya vile vipande akavipanga kama karata.

"Walaal," akasema, "mtu ikiingia hapa na njaa, mimi siulizi alizaliwa lini. Naweka chai kwanza. Wewe unauliza mtu kitu hana, halafu unamwambia yeye ndiye kosa."

Munyao akavitazama vile vipande. Wiki sita alizotunga programu hakuwahi kumtazama hata mtu mmoja akiitumia. Alijitazama mwenyewe.

Jioni ile ndipo alipoanza kusoma, na darasa likawa benchi la Arbia. Waliitupa tarehe ya kuzaliwa. Waliitupa posta. Kijiji kikawa swali la mtu anayehamahama: unanywesha wapi wakati wa kiangazi? Hilo kila mtu alilijibu kabla halijamalizika. Mlio ukafutwa, neno jekundu likafutwa, na mahali pake pakaandikwa kwamba tunaendelea, utalijaza ukilijua. Swali moja kwenye kipande kimoja, maana Munyao aligundua kwamba akiweka manne pamoja macho ya watu yanatangatanga kama mbuzi waliofunguliwa zizi kabla mchungaji hajafika. Kila kipande walimjaribishia mteja aliyeingia kunywa chai, na sheria waliyojiwekea ilikuwa ngumu: mteja akikwama, usimsaidie. Mtazame anakwama wapi, kisha ukarekebishe kipande, siyo mtu. Munyao aliiweza. Arbia ilimshinda. Ilibidi wampe kazi ya kukanda unga ili mikono ishughulike na mdomo usahau, na hata hivyo alikuwa akiwanong'oneza majibu watu kutoka jikoni.

Lakini Mohamed arobaini na watatu walibaki arobaini na watatu. Jumatatu asubuhi, Munyao akisikiliza mazungumzo ya hoteli, ndipo alipong'amua kitu ambacho alikuwa amekisikia kila siku bila kukisikia. Pale hotelini hapakuwa na Mohamed hata mmoja. Palikuwa na Kiatu-kikubwa, palikuwa na Mkono-kushoto, palikuwa na Meno-mekundu, na kila mmoja alijulikana kutoka Garissa hadi Mandera. Wasomali huiita naanays, lakabu ambayo watu humpa mtu kwa umbo lake au kituko chake, na ikishakukaa hata baba yako hukutafuta kwayo. Munyao akaruka. Akachora kipande kipya, akaandika: Lakabu yako ni ipi?

Wa kwanza kujaribiwa alikuwa mzee Jama, muuza ngozi. Maswali mengine aliyapita kama mtu anayeshuka kilima. Kufika hilo alisita, akavuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akasema hana lakabu, yeye ni Jama tu, Jama basi. Munyao akaiacha nafasi wazi. Mzee alipokwenda kunawa mikono, benchi zima lilimwinamia Munyao kwa pamoja na kunong'ona: Bidaar. Maana yake kipara.

Wa pili naye hakuwa na lakabu. Wa tatu alikasirika. Munyao akatupa kalamu, akasema basi hata hili limekufa.

Arbia akatoka jikoni, mikono ina unga mpaka viwiko.

"Hakuna mtu anabeba lakabu yake mwenyewe," akasema. "Lakabu inabebwa na wengine. Muulize wa nyuma yake."

Ilimchukua Munyao muda kumeza. Programu zote alizowahi kuona ziliuliza mtu mmoja, yule aliye mbele ya meza. Ofisi yao ilijengwa hivyo hivyo: mlango unafungwa, anaingia mmoja, wengine wanangoja juani. Arbia akamweleza kwamba hapa mtu haji peke yake hata akija peke yake, na aliye kwenye foleni nyuma yako anakujua kuliko unavyojijua mwenyewe. Kwa hiyo siyo skrini tu iliyokuwa imekosea. Hata mlango ulikuwa umekosea.

Koome aliposikia wanataka kuingiza foleni ndani ya ofisi alishika kichwa. Aliona makelele, aliona vumbi, aliona ripoti ya Nairobi. Munyao, ambaye kwa kawaida alimwogopa, hakubishana. Alimwomba aje kunywa chai nusu saa tu na kutazama. Koome alikuja, akawaona watu sita wakipitishwa kwenye vipande vya boksi, akaona lakabu sita zikitoka migongoni mwa watu kabla hawajaulizwa mara mbili. Alirudi ofisini bila kusema neno, na baadaye wakasikia anaburuta benchi kuliingiza ndani kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu na Jumanne Munyao aliifumua programu na kuishona upya. Wakati huohuo makarani wa kambi zote tano waliambiwa kwa redio kol, ile ya kuzungumza na kambi, wapite tena kwenye orodha, waulize kila mtu ananywesha wapi na alitoka nyumbani na ngamia wangapi, wawaulize majirani lakabu yake, kisha wasome majibu moja moja hewani. Nani asiyejua kwamba redio ile husikilizwa na nusu ya mji? Jioni mbili zile redio ilihamishiwa kwa Arbia, na hoteli haikuwa na pa kukanyaga. Karani anasoma, Munyao anaandika, Arbia anatafsiri, na kila lakabu ikipita mtu mmoja anapiga paja na kusema huyu namjua, huyu alikimbia harusi yake mwenyewe.

Jumatano asubuhi foleni iliingia ndani. Muslimo alikuwa wa nne. Nyuma yake aliketi Rage, dalali wa mifugo kutoka Eldas, mtu wa maneno mengi sokoni, lakini siku hiyo, mwavuli mapajani, alikaa kama amepakatwa na baba mkwe. Arbia alikuwa ameleta birika na kusahau kuondoka.

Munyao aliuliza polepole, kipande kwa kipande, kama alivyofunzwa. Kiangazi huyo kijana ananywesha wapi? Alitoka nyumbani na ngamia wangapi? Wale arobaini na watatu wakapungua, wakabaki tisa. Kisha likaja swali lile, na kabla Munyao hajainua macho kumtazama aliye nyuma, Muslimo alilijibu mwenyewe, kavu. Mwanawe hana lakabu. Alimzaa Mohamed, akamwita Mohamed, jina la Mtume, na halihitaji kiraka.

Munyao akamtazama Rage. Rage akautazama mwavuli wake. Ilionekana wazi kwamba mtu huyu anajua, na kwamba angependelea kuuza ngamia wake kwa bei ya mbuzi kuliko kulisema mbele ya mama mzazi. Munyao alikumbuka sheria ya kutomsaidia mtu aliyekwama, akauma ulimi, akangoja. Siku hiyo hata Arbia alingoja.

"Hooyo, nisamehe," hatimaye Rage akasema, akimwita mama kwa heshima yote. "Sisi kwa soko tunamwita Sanweyne."

Sanweyne ni mwenye pua kubwa. Hakuna aliyecheka. Muslimo aligeuka taratibu akamtazama Rage kwa muda ambao Rage aliuona mwaka. Kisha mabega yake yakashuka.

"Pua ile ni ya baba yake," akasema. "Andika."

Munyao aliandika. Skrini ikasita, ikafikiri, ikabakiza mstari mmoja. Mohamed Abdi Hassan, Sanweyne, kambi ya tatu, ngamia kumi na mmoja waliosalia.

Walimpeleka kwenye redio mama wa watu. Ng'ambo ya pili karani alikwenda kumwita huyo mtu, na dakika zile za kungoja hakuna aliyethubutu kunywa chai. Sauti ilipokuja ilikuwa imejaa mikwaruzo, haijulikani ni ya kijana au ya mzee. Muslimo hakukubali kudanganywa na mikwaruzo. Akauliza ngamia jike aliyemnyonyesha mwanawe utotoni, maziwa ya mama yalipokauka, aliitwaje. Ile sauti ikalitaja jina, na ikaongeza kwamba alikuwa na jicho moja na alichukia wageni. Muslimo alimrudishia Munyao kile kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha kikombe cha maziwa, akaketi chini sakafuni, akalia bila kujificha. Arbia alikaa chini naye. Hata Koome alikwenda dirishani kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Alhamisi alasiri Mohamed alishuka kwenye lori la maji, amekonda, nguo si zake, na ile pua, Mungu amrehemu baba yake, iliteremka kabla yake. Mji mzima ulikuwa pale. Mama na mwana walisimama wakitazamana kama watu wanaooneana haya, mpaka Arbia akawasukuma.

Munyao hakwenda kwenye lori. Alibaki hotelini, akavikusanya vile vipande vya maboksi, vyenye madoa ya chai na alama za vidole vya unga, akavifunga kwa kamba. Arbia aliporudi, macho yamevimba kwa kulia kama kwenye harusi isiyo yake, Munyao alitaka kumshukuru kama inavyostahili, kwa hotuba. Hotuba haikuja. Alimwambia tu kwamba kompyuta alifunzwa Nairobi, lakini watu wanaoitumia amefunzwa hapa, na kwamba akipata mtoto wa kike atajua pa kwenda kuombea jina. Arbia akamjibu kwamba aanze kwa kutafuta mke, maana mjini watu wanauliza. Kisha akamwekea chai, akakaa, akanyamaza dakika nzima, jambo ambalo kwa Arbia ni zaidi ya zawadi.

Ijumaa, kabla ya swala, lori la shemeji likiwa limeshapakiwa, Muslimo alikuja ofisini kwa mara ya mwisho. Mwanawe alimngoja mlangoni amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia. Munyao alidhani amekuja kuaga. Mama aliyapokea maziwa, akayaweka mezani, akavuta kiti, akaketi mbele ya kompyuta kama mwenye shamba. Alitaka aandikwe. Alisema mvua zipo, mito ipo, na siku moja huenda yeye ndiye akatafutwa.

Akataja majina yake matatu. Akataja kisima anachonywesha. Lilipofika swali la lakabu hakusema hana. Aligeuka akawatazama waliokuwa benchini, watu wa Iftin, Rage, na Arbia na birika lake, akawaambia waseme.

Rage aliuchunguza mwavuli. Arbia, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu, alilitazama birika kana kwamba limeandikwa kitu.

"Arbia," Muslimo akasema kwa upole, "wewe umekaa nyuma yangu siku kumi."

"Hooyo Berri," Arbia akasema, sauti imezama. "Walikuwa wanakuita Hooyo Berri."

Berri ni kesho. Mama Kesho. Munyao alihisi uso unamwaka, maana neno lile lilikuwa lake. Ni yeye aliyempa, siku tisa, kwenye meza hiihii. Alitaka kuomba radhi. Lakini Muslimo alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko kidogo kilichomtikisa mabega, mwanawe naye akacheka mlangoni, na benchi zima likapumua. Mama akamgusa Munyao mkono, akamwombea dua ndefu ya Kisomali ambayo Arbia alikataa kuitafsiri, akisema ya namna hiyo humwagwa tu juu ya mtu, haielezwi.

Munyao akaandika lakabu ile, herufi moja moja, akaangalia isiwe na kosa.